Watoto Wanakwenda Dodoma: Vidokezo kwa Anayewasindikiza

Safari ya darasa kwenda makao makuu ya nchi ni nyepesi sana ikiwa bado iko kwenye karatasi. Saa 3 Bunge, saa 5 Chuo Kikuu, saa 7 chakula, saa 8 Mji wa Serikali, saa 9 makumbusho, saa 10 picha Nyerere Square, saa 11 kugeuza. Aliyeandika ratiba ya namna hiyo hajawahi kusubiri watoto 50 wamalize kwenda chooni. Vidokezo hivi ni vya mwalimu wa zamu, mzazi aliyejitolea kusindikiza, na yeyote atakayekaa siti ya mbele akiwa amepakata sanduku la huduma ya kwanza. Nimefikiria zaidi shule za Dar es Salaam na Pwani. Wa Mbeya na Tanga mtabadilisha masaa tu.

1. Chagua mambo mawili. La tatu liwe nyongeza.
Mtoto wa Darasa la Tano akipelekwa sehemu saba kwa siku moja, jioni atakusimulia soda. Akipelekwa sehemu mbili na akapata nafasi ya kuuliza, atakusimulia mpaka umwambie nyamaza. Kwangu mimi mawili hayo ni Bunge na shule ya wenyeji. Mengine yasubiri, hata kama mwenyekiti wa kamati ya shule ana yake anayoyapenda.

2. Tazama ratiba ya Bunge kwanza, ya shule baadaye.
Bunge halikai mwaka mzima, linakutana kwa mikutano. Mkutano mrefu kuliko yote ni wa Bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na huo ndio unaoangukia vizuri kabla ya likizo. Ukipata Alhamisi, shika hiyo hiyo: asubuhi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na hata mtoto asiyejua sera ni nini anaelewa mtu anapobanwa kwa swali. Barua ya maombi iende kwa Katibu wa Bunge mapema, ikiwa na idadi ya wanafunzi na walimu, na nakala apewe mbunge wa jimbo lenu. Mbunge akijua wapiga kura wake wanaleta watoto, barua hutembea haraka. Darasa la Nne na la Saba wana mitihani ya taifa mbele yao, kwa hiyo wachukueni la Tano na la Sita.

3. Mchango usitangazwe mstarini.
Safari ni ya hiari, na fedha yake pia ni ya hiari. Kusoma majina ya wasiolipa mbele ya shule nzima ni kumwadhibu mtoto kwa mfuko wa baba yake. Kamati ikipiga hesabu iweke nafasi mbili tatu za ziada zilizolipiwa kimya kimya, na mwalimu wa darasa ndiye ajue zinaenda kwa nani. Na mzazi ambaye bado anasuasua apigiwe simu, asiandikiwe kwenye kundi la WhatsApp.

4. Basi au treni?
Kwa barabara, Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, lina vibao vya 50 kila kijiji, na lina watoto wanaotaka kuchimba dawa kila baada ya nusu saa. Siku nzima imekwisha. Faida yake ni kwamba basi ni lenu: mnasimama Kibaigwa watoto waone malori ya mahindi yanavyopakiwa, na mkifika Dodoma mna usafiri.

Treni ya umeme, ile ya SGR, ilianza kufika Dodoma Julai 2024 na inakata safari kwa takribani saa tatu na nusu hadi nne. Ina choo, haitapishi sana, na ikifika Kilosa inaingia kwenye mahandaki milimani. Waandae abiria wenzenu kwa mayowe. Lakini treni haimsubiri mtu aliyesahau daftari, na mkishuka lazima kuwe na gari lililokodiwa. Ushauri wangu: kwenda kwa treni, kurudi kwa treni, na fedha ya kukodi daladala mbili za Dodoma kwa siku nzima iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Tiketi za kundi zisiachwe hadi wiki ya mwisho.

5. Watatapika. Jipange.
Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo ile rambo ya zamani ya kubana mdomoni haipo. Beba ndoo ndogo mbili zenye mifuniko, maji ya kusuuzia, taulo kuukuu na ndimu za kunusa. Wenye historia wakae mbele, na wenyewe wanajulikana; muulize mama, usimuulize mtoto. Asubuhi ya safari wapewe uji mwepesi na mkate mkavu. Mayai ya kuchemsha ndani ya basi lililofungwa madirisha ni uadui kwa wenzako.

6. Sweta si pambo.
Mtoto wa Temeke hajui baridi kavu. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni na Julai upepo wake unapenya shati la shule kama halipo. Mchana jua linachoma, vumbi linaingia masikioni, na midomo inapasuka. Sweta ya mtumba inatosha. Ongeza mafuta ya kujipaka, kofia, na chupa ya maji ambayo mwalimu anahakikisha inanywewa, haibebwi tu.

7. Ndani ya Bunge, waandae masikio.
Hapa ndipo safari inapolipa, kwa hiyo msiende kichwa kichwa. Wiki moja kabla, chezeni Bunge darasani. Mmoja awe Spika, mmoja Waziri wa Maji, wengine wabunge wa madawati. Wafundishwe kuwa mbunge hamsemeshi waziri moja kwa moja, anapitia kwa Spika. Wafundishwe ile sentensi ambayo wataisikia asubuhi nzima: “Mheshimiwa Spika, naomba swali langu lipatiwe majibu.” Anayeuliza swali halisomi tena, kwa sababu limeshachapishwa na kila mtu analo mkononi. Naibu waziri anasimama, anajibu, kisha muulizaji anaruhusiwa maswali ya nyongeza. Raha yote iko kwenye nyongeza, maana majibu yake hayakuandikwa jana.

Kikao huanza saa 3 asubuhi. Fikeni saa moja na nusu, kwa sababu kuna ukaguzi getini, na simu na mabegi hayaingii nanyi ukumbini. Watoto wote wavae sare safi. Mkishakaa jukwaa la wageni, waonyeshe siwa inavyoingia mbele ya Spika na watu wote wanavyosimama; waulize baadaye kwa nini kirungu hicho kinapewa heshima kuliko mawaziri. Halafu ngojeni matangazo ya wageni. Spika akitaja shule yenu, watoto wanasimama, na wabunge wanapiga meza. Si makofi, ni meza, kwa viganja, na ukumbi mzima unanguruma. Usiwaambie mapema. Utaona mtoto aliyekuwa anasinzia akijishika kifua na kumtazama mwenzake kama anauliza, “Ni sisi?”

Waambie pia ukweli kwamba viti vingine vitakuwa vitupu na kuna mheshimiwa atakayekuwa anachezea simu. Wataliona hilo kabla yako. Wakiuliza, wajibuni, si swali la utovu wa adabu.

8. Jitayarishe kwa “Kwa nini Dodoma?”
Swali hili huja kwenye basi, na mara nyingi kwa mtoto ambaye mjomba wake anashikilia kwamba makao makuu ni Dar. Jibu fupi: mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahame kutoka pwani yaje katikati ya nchi, karibu na watu wa pande zote. Kuamua ilikuwa kazi ya siku chache; kuhama kulichukua zaidi ya miaka 40. Bunge lilitangulia katika miaka ya 1990. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote inahamia, na Waziri Mkuu Majaliwa akahama mwaka huo huo. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Ukitaka zoezi la kazi ya nyumbani, kila mtoto amuulize babu au bibi yake: ulipokuwa shule, ulifundishwa makao makuu ni wapi? Majibu yatawagombanisha wazee wa mtaa mzima, na hiyo ni historia nzuri.

9. Usiwaahidi Ikulu.
Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023 na watoto wameiona kwenye taarifa ya habari, kwa hiyo wataiomba. Kama hamna mwaliko, semeni mapema kwamba hamuingii, na mpiga picha wenu asifanye ujanja wa kuchungulia uzio. Mji wa Serikali Mtumba nao ni majengo ya wizara. Kwa mtu mzima ni jambo kubwa. Kwa mtoto wa miaka 11 ni vioo na maegesho. Nendeni kule kama tu mna mwenyeji ndani ya wizara atakayewaonyesha kitu, hata kama ni ramani ya maji ya wilaya yenu.

10. Mawe yanapendwa kuliko mnavyodhani.
Kama kuna la tatu, mimi ningepiga kura kwa makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia. Utafiti wa miamba ulianza kufanyika Dodoma tangu 1925, na pale kuna sampuli za madini na mawe ya nchi nzima. Mtoto anayeona jiwe la kawaida la kahawia, kisha anaambiwa lina dhahabu, anarudi nyumbani akiokota kokoto. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni kitu kingine kabisa. Iko Kolo, kaskazini mwa mkoa, safari ya masaa, na kuna kupanda kilima. Msiibandike mkiani mwa siku ya Bunge. Ipangieni mwaka wake.

11. Tafuteni shule ya wenyeji.
Mwalimu mkuu ampigie mwenzake wa Dodoma. Mechi ya mpira, netiboli, chakula cha pamoja, basi. Wafundisheni watoto kusema “Mbukwenyi,” salamu ya Kigogo kwa watu wengi, na wenyeji wao ndio wawafundishe kuitikia. Ombeni ngoma. Wagogo wana zeze na marimba, na wana muheme, ngoma ambazo wanawake huzibana katikati ya mapaja na kuzipiga wao. Wavulana wa Dar wanaodhani ngoma ni kazi ya wanaume watakaa kimya kwa muda.

12. Hela ya mfukoni iwe na kikomo.
Wekeni kiwango kimoja kwa wote, kiwe kidogo, na kikae kwenye bahasha zenye majina kwa mwalimu. Zabibu zitauzwa kila kona, na ni za huko huko. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zinunuliwe jioni ya mwisho, zioshwe, zibebwe kwenye ndoo na si kwenye begi lenye sare. Ubuyu ni rahisi kubeba na mama atafurahi. Anayetaka kumaliza hela yote kwenye miwani ya jua ya plastiki, mwacheni. Ni yake.

13. Msihesabu vichwa, hesabuni namba.
Vichwa vinatembea. Kila mtoto apewe namba yake kuanzia 1, na kila mnapopanda gari wataje wenyewe kwa zamu, kwa sauti. Pengo linasikika papo hapo: “Kumi na nane... kumi na nane?” Namba ya simu ya mwalimu iandikwe kwenye kikaratasi kiwekwe mfuko wa ndani wa kila mmoja. Na kila mtoto awe na mwenzake wa kuchunguzana, asiwe rafiki yake mkubwa. Marafiki wakubwa hupotea pamoja.

14. Malazi yaulizwe wakati wa kuandika barua ya Bunge.
Bunge likikaa, vyumba hujaa na bei hupanda. Hosteli ya shule au kituo cha kanisa kina geti, kina jiko, na hakina muziki wa baa hadi usiku wa manane. Wasichana na matroni upande wao, wavulana upande wao. Mzazi msindikizaji asilale hoteli ya mbali akaja asubuhi amenyoosha shati, amekuja kusindikiza.

15. Mkirudi, tafuteni Hansard.
Taarifa rasmi za vikao vya Bunge huwekwa kwenye tovuti yake. Subirini kidogo, kisha pakueni ya tarehe mliyokuwepo, mtafute matangazo ya wageni. Mara nyingi shule hutajwa humo pamoja na idadi ya wanafunzi na walimu. Chapisheni ukurasa huo, mwubandike ofisini kwa mwalimu mkuu mahali ambapo Afisa Elimu lazima aupite. Mwakani mkipeleka barua ya ruhusa na mtu akauliza safari za nini, mnamwonyesha ukuta.