SOMO LA MWEZI: MFUKO WA FEDHA KATIKA KANISA LA PADUA

Masomo: Mathayo 26:14-16, Mathayo 27:3-7, Luka 19:1-10



Wengi wetu tukisikia habari za picha za kale za Italia twadhani kwamba ni mambo ya wataalamu tu. Lakini nyingi za picha hizo zilichorwa katika kuta za makanisa, mbele ya waumini ambao wengi wao hawakujua kusoma, ili macho yao yapate kujifunza habari za Injili. Kwa hiyo yatufaa kuzitazama kama vile tunavyosikiliza mahubiri. Mwezi huu twatazama kanisa moja dogo katika mji wa Padua, kaskazini mwa Italia.

1. Mwenye kujenga

Mwaka 1300 tajiri mmoja, Enrico Scrovegni, alinunua kiwanja mahali palipokuwa zamani uwanja wa michezo wa Warumi. Hapo alikuwa na jumba lake, na kando yake akajenga kanisa lenye urefu wa kama meta 21. Liliwekwa wakfu tarehe 25 Machi 1305, sikukuu ya Bikira Mariamu kupashwa habari.

Utajiri wa ukoo huo ulitokana na kukopesha fedha kwa riba. Baba yake Enrico, jina lake Reginaldo, alisifika vibaya kwa kazi hiyo. Mshairi Dante, katika utenzi wake juu ya Jehanamu, aliwaonyesha wala riba wakiteswa, na mmoja wao ana mfuko wenye alama ya nguruwe jike wa buluu, ambayo ndiyo alama ya ukoo wa Scrovegni. Nalo Kanisa la siku zile lilikataza riba, likafundisha kwamba mla riba hana budi kuwarudishia watu kile alichowatoza.

Si wote waliofurahia jengo hilo. Januari 1305 watawa wa Mtakatifu Agustino, waliokuwa majirani, walilalamika juu ya mnara wa kengele, wakasema kwamba mengi yaliyofanyika pale yalikuwa ya fahari na majivuno kuliko ya kumtukuza Mungu.

2. Fundi na kazi yake

Aliyeitwa kuzipamba kuta ni Giotto di Bondone wa Florence. Kabla yake wachoraji wengi wa Italia walifuata desturi ya Bizantio: watakatifu wametulia, wanatutazama, na nyuma yao rangi ya dhahabu. Giotto aliwachora watu wenye uzito wa mwili, wanaoinama, wanaogeuka, wanaolia. Katika picha ya Maombolezo, Mariamu amekikumbatia kichwa cha Mwanawe aliyekufa, Yohana ametupa mikono nyuma kwa uchungu, na malaika wanalia angani. Wanawake wawili wameketi wakitupa mgongo, hata mtazamaji ajiona kama ameketi nyuma yao msibani.

Kazi yenyewe ilitaka mpango mwema. Fundi alipaka lipu ya chokaa kiasi cha kumtosha siku moja tu, akachora ikiwa bado mbichi. Chokaa ikikauka hushika rangi, ikawa kitu kimoja na ukuta. Lakini rangi ya buluu ilipakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, na ndiyo sababu imebanduka mahali pengi, kama katika vazi la Mariamu. Kilichoingia ukutani wakati wa ubichi kimedumu zaidi ya miaka 700.

3. Tuufuate mfuko

Sasa tutazame jambo moja: katika kanisa hili lililojengwa kwa mali ya mkopeshaji, mfuko wa fedha waonekana mara nyingi.

(a) Yesu awafukuza wafanya biashara Hekaluni. Picha inayofuata ni Yuda akipatana na makuhani. Mfuko u mkononi mwake, na nyuma yake amesimama Shetani, mweusi, amemshika.

(b) Chini ya picha za Injili zimo sura saba za wema na saba za uovu, zikielekeana. Upendo ni mwanamke mwenye bakuli la matunda. Kwa mkono wa pili amwinulia Mungu moyo wake, na miguu yake inakanyaga mifuko ya mali. Mbele yake, ukuta wa pili, ni Husuda. Ameshika mfuko wake kwa nguvu, moto unawaka miguuni pake, na nyoka atokaye kinywani mwake amegeuka kumwuma machoni.

(c) Juu ya mlango ipo Hukumu ya Mwisho, nayo ndiyo waumini waliyoitazama wakitoka. Upande wa motoni wala riba wametundikwa kwa kamba za mifuko yao wenyewe. Na upande wa waliookolewa amepiga magoti Enrico mwenyewe, akimtolea Mariamu kanisa lake.

4. Tunajifunza nini?

Huenda mtu akasema kwamba Enrico alitaka kununua mbingu. Mwingine atasema kwamba alitubu kweli, kwani alikubali hukumu ya ukoo wake ichorwe mbele ya macho ya mji mzima. Hukumu ya moyo wake tumwachie Mungu. Alikufa mwaka 1336, mbali na mji wake, akiwa uhamishoni, akazikwa katika kanisa hilo.

Lakini ukuta wasema wazi: sadaka haiwezi kushika mahali pa marudisho. Zakayo hakuahidi kujenga sinagogi. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Hata makuhani waliomnunua Yesu waliona haya kuzitia fedha za Yuda katika hazina ya Hekalu. Nasi tunapochangia bati na saruji za kanisa, tusimfikirie tu mtoaji mkubwa anayepigiwa makofi. Tumfikirie pia yule mjane ambaye shamba lake liliondoka kwa deni. Kama yupo anayetudai haki, tuanze kwake, ndipo tuje madhabahuni.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, mtaa ufanye nini ukijua kwamba mchango mkubwa umetokana na dhuluma?
2. Kwa nini Giotto aliuweka mfuko chini ya miguu ya Upendo, na mkononi mwa Husuda?
3. Je, yuko mtu ambaye mimi sijamrudishia kilicho chake?

Bwana atupe mikono safi na moyo wa kurudisha. Amina.