KUKOROMA NA KUKATIKA PUMZI: USIPUUZE!

Je, nyumbani kwenu kuna mtu anayekoroma kwa nguvu, kisha ghafla kimya, halafu anashtuka na mkoromo mkubwa kama aliyeopolewa majini? Wengi husema, "Mzee kachoka, kalala fofofo." Wengine husema eti anakabwa na jinamizi. Kumbe huenda ni ugonjwa, na tiba ipo. Unaitwa apnia ya usingizi, yaani kukatika pumzi usingizini.

NINI KINATOKEA?
Tunapolala, misuli ya ulimi na koo hulegea. Njia ya hewa ikiwa nyembamba, koo hutetemeka: huko ndiko kukoroma. Ikiziba, hewa haipiti ingawa kifua kinahangaika. Oksijeni hupungua kwenye damu, ubongo unashtuka, mtu anaamka kidogo, anavuta pumzi, analala tena. Kila pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa mara moja. Zikifika mara 5 kwa saa, na mchana mtu anasinzia, huo tayari ni ugonjwa. Kuanzia mara 30 kwa saa ni ugonjwa mkali. Na asubuhi mwenyewe hakumbuki lolote!

KWA NINI TUJALI?
Mtu huyu hulala usiku kucha lakini huamka amechoka, kichwa kinauma, anasahausahau. Taratibu presha inapanda, na hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi inaongezeka.

Sasa fikiria ni dereva. Malori ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita Makambako, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea, inayopitisha malori ya mbao na viazi. Dereva akisinzia sekunde chache tu, ni maisha yake, ya utingo na ya abiria wa basi linalokuja mbele. Kahawa haizibui koo, wala mirungi, ambayo isitoshe imepigwa marufuku.

NANI YUKO HATARINI?
Zaidi ni watu wanene, hasa wenye shingo nene, wanaume, na wanawake waliokoma hedhi. Lakini hata mwembamba anaweza kuugua. Kwa watoto, sababu kubwa ni mafindofindo au nyama za puani zilizovimba. Mtoto hulala mdomo wazi, anakoroma, pengine anakojoa kitandani, na darasani hatulii. Anachapwa bure, kumbe mgonjwa! Msikubali akatwe kimeo mtaani: si tiba, na anaweza kutokwa damu nyingi au kupata maambukizi.

TIBA NI IPI?
1. Kupunguza uzito, kwa mnene.
2. Kulala ubavu, si chali.
3. Kuacha pombe jioni, ulanzi ukiwemo, na dawa za usingizi ambazo daktari hakuandika. Vyote hulegeza koo zaidi. Sigara pia iachwe.
4. Mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa ya puani, ili koo lisizibe. Ilibuniwa Australia na Dk. Colin Sullivan mwaka 1980. Ni ghali na inahitaji umeme, lakini kwa ugonjwa mkali inasaidia sana.
5. Kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya mbele, kwa baadhi ya wagonjwa.
6. Upasuaji, hasa kwa watoto wenye mafindofindo makubwa.

WEWE KIJANA UFANYE NINI?
Mgonjwa hajisikii, kwa hiyo wewe unayelala jirani ndiye shahidi. Pumzi ikikatika, hesabu sekunde. Usimcheke wala usimtangaze mtaani. Mwambie kwa adabu: "Shikamoo baba. Samahani, usiku nasikia pumzi zako zinakatika. Naomba twende tukamwone daktari." Akikubali, mrekodi kwa simu, daktari asikie.

Anzeni zahanati au kituo cha afya. Apimwe presha, kisha muombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe. Akihitaji vipimo zaidi, ataelekezwa hospitali kubwa zaidi.

Na kama ni dereva na anasinzia, asishike usukani. Aegeshe, alale, kisha aende hospitali kabla ya safari nyingine. Kumwambia mzee ukweli kwa upole si kumvunjia heshima!