Kura ya Mtaa Marekani: Grini Kadi Haitoshi

Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, nchini Marekani hulipa kodi, husomesha watoto katika shule za umma na huishi chini ya sheria zinazotungwa na madiwani wa mji wake. Je, anaruhusiwa kuwachagua madiwani hao? Karibu kila mahali jibu ni hapana, na tangu 2018 majimbo kadhaa yameliandika jibu hilo ndani ya katiba zao. Miongoni mwa majimbo hayo ni Ohio, Kentucky, Iowa, Idaho na Texas, ambako wanaishi wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa familia za Wakongomani zilizopokewa kama wakimbizi. Makala haya yanaeleza kilichobadilika, na mambo ya kujua kabla hujatia saini karatasi yoyote inayohusu kura.

Ni uchaguzi upi unaozungumziwa?

Katika uchaguzi wa rais na wa wabunge wa Congress hakuna utata: sheria ya shirikisho ya 1996 inamfanya asiye raia anayepiga kura kuwa mhalifu. Katika uchaguzi wa magavana na mabunge ya majimbo pia, kura ni ya raia. Mwanya ulibaki kwenye ngazi ya mji na bodi ya shule.

Mji wa Takoma Park, Maryland, huwaruhusu wakazi wasio raia kuchagua viongozi wao tangu miaka ya 1990. San Francisco iliwaruhusu wazazi wasio raia kuchagua bodi ya shule kwa uamuzi wa wapigakura wa 2016. Winooski na Montpelier, huko Vermont, zilifuata 2021. Wala jambo hili si jipya: katika karne ya 19 majimbo mengi yaliwaruhusu wahamiaji kupiga kura, na la mwisho kuacha, Arkansas, liliacha 1926.

Katiba zimebadilishwaje?

Katiba nyingi za majimbo zilisema kwamba "kila raia" aliyetimiza masharti ana haki ya kupiga kura. Maneno hayo yanampa raia haki, lakini hayasemi waziwazi kwamba mwingine hana. Marekebisho mapya yanasema "raia pekee". Baada ya hapo mji hauwezi kupitisha kanuni yake, kwa kuwa katiba ya jimbo iko juu ya sheria zote za miji iliyomo.

Ohio inaonyesha vizuri mwendo wenyewe. Mwaka 2019 wakazi wa kijiji cha Yellow Springs walikubali kwa kura kwamba majirani wao wasio raia washiriki kuchagua viongozi wa kijiji. Mwaka 2022 wapigakura wa jimbo zima walipitisha marekebisho yanayokataza jambo hilo kila mahali katika Ohio. North Dakota ilikuwa imetangulia 2018, ikafuatwa na Alabama, Colorado na Florida 2020. Novemba 2024 majimbo manane yalipiga kura ya maoni siku moja, na yote yakakubali: Idaho, Iowa, Kentucky, Missouri, North Carolina, Oklahoma, South Carolina na Wisconsin. Texas ilifuata 2025.

Jiji la New York lilizuiwa kwa njia nyingine. Sheria yake ya kuwapa wasio raia kura ya jiji ingewagusa wakazi wapatao 800,000, lakini Machi 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliifuta, ikisema katiba iliyopo tayari inaiweka kura mikononi mwa raia.

Wanaounga mkono marekebisho husema kura ndiyo alama ya uraia, na haifai kuachiwa kila mji au kila jaji aamue. Wanaopinga husema anayelipa kodi ya mji anastahili kusikika, na kwamba hofu ya wasio raia kupiga kura imekuzwa kuliko tatizo: ukaguzi wa Georgia wa 2024 uliwakuta watu 20 wasio raia katika daftari lenye wapigakura milioni 8.2.

Jihadhari na fomu

Hatari kubwa kwa mhamiaji ni kuandikishwa bila kuelewa. Ofisi za leseni za udereva katika majimbo mengi humuuliza mteja kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Kama wewe si raia, jibu ni hapana, hata karani akikuhimiza. Fanya vivyo hivyo na mtu anayekusanya majina sokoni au kanisani. Ukiitwa kuhudumu kama mzee wa baraza mahakamani, rudisha fomu ukieleza kwamba wewe si raia.

Kudai uraia usio nao, au kupiga kura isiyo yako, kunaweza kukuletea kifungo, kunyimwa uraia na kufukuzwa nchini. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Kama ilishatokea, usiijaze wala usijieleze popote kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji.

Njia ya kuipata kura

Kwa kawaida unaweza kuomba uraia baada ya miaka 5 ya grini kadi, au 3 ukiwa umeolewa au umeoa raia na mnaishi pamoja. Kwa aliyeingia kama mkimbizi, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyofika Marekani. Wazee wasijikatie tamaa kwa sababu ya Kiingereza: mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa nayo 15, hasamehewi maswali ya historia na serikali, lakini huyajibu kwa lugha yake kupitia mkalimani.

Wakati unasubiri, mikutano ya madiwani na bodi za shule huwa wazi, na mara nyingi mkazi hupewa dakika chache za kusema bila kuulizwa uraia wake.

Ukishakula kiapo, kumbuka kwamba daftari la wapigakura halikufuati nyumbani. Jiandikishe mwenyewe, na uulize mapema tarehe ya mwisho katika jimbo lako.