Maikrofoni Isiyo na Waya na Mwingiliano wa Mawimbi

Maikrofoni isiyo na waya huhitaji vifaa vichache: transista, koili, kapasita, maikrofoni ndogo na betri. Sauti yake husikika katika redio ya FM, ambayo kwa kawaida hupokea masafa ya megahezi 88 hadi 108. Ugumu wa kazi hii haumo katika kuyarusha mawimbi, bali katika kuyazuia yasitoke nje ya mpaka wake.

Masafa huamuliwa na koili (L) na kapasita (C) zilizounganishwa sambamba, kwa kanuni hii:

f = 1/(2π√LC)

Tuchukue koili ya mikrohenri 0.1 na kapasita ya pikofaradi 25. Masafa yatakuwa megahezi 100.7. Mkono ukisogezwa karibu na koili na kuongeza pikofaradi 2 tu, yatashuka hadi 96.9, na huenda yakaangukia kituo cha utangazaji. Kapasita ikipunguzwa hadi pikofaradi 20, yatapanda hadi 112.5. Hapo mpaka wa FM umekwisha kupitwa, kwani megahezi 108 hadi 137 zimetengewa usafiri wa anga: mitambo inayowaonyesha marubani njia, na mazungumzo yao na waongoza ndege. Mwanafunzi asiposikia kitu redioni atadhani chombo chake hakifanyi kazi, kumbe kinarusha mawimbi mahali pa hatari.

Kwa hiyo hapana budi kuzingatia mambo manne:

1. Kapasita isiyobadilika ya pikofaradi 22 iunganishwe sambamba na ndogo ya kurekebishwa, ya pikofaradi 2 hadi 10. Masafa yatabaki kati ya 89 na 103 hivi. Pikofaradi chache za transista na nyaya zihesabiwe ndani ya zile 22.

2. Saketi ifungwe ndani ya kisanduku cha chuma kilichounganishwa na upande hasi wa betri, na irekebishwe kwa bisibisi ya plastiki.

3. Wakati wa majaribio, resista ya omu 50 itumike badala ya antena. Hupunguza sana mawimbi yanayotoka, pamoja na yale ya ziada yenye masafa mara mbili au mara tatu.

4. Antena isiunganishwe kabla ya kupata idhini ya mamlaka inayosimamia masafa. Kwa Tanzania ni TCRA.

Zoezi: Koili ni ile ile, na kapasita ni pikofaradi 28. Mkono ukiongeza pikofaradi 2, masafa yatashuka kwa megahezi ngapi? (Jibu: takriban 3.2.)