Ushuhuda Wangu Ulikuwa Nusu

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5-7, Matendo ya Mitume 28:1-6

Wengi wenu mmenisikia nikishuhudia madhabahuni vile nilipigwa na stima ya laini kubwa nikapona. Nimeinua huu mkono wenye vidole vitatu, mkapiga makofi, tukamtukuza Mungu. Leo sitatoa ushuhuda huo tena vile mmeuzoea. Nataka kuumalizia, kwa sababu kuna sehemu nimekuwa nikiiruka miaka hii yote.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Nguzo ilikuwa imeanguka kwa mvua, na sisi tulikuwa tunarekebisha laini ya volti 11,000, ile inayoleta stima mpaka kwa transfoma za vijijini. Fyuzi za upande wa juu zilikuwa zimetolewa. Kazi yetu ina hatua tano: zima, funga kwa kufuli, weka kibao cha onyo, pima uhakikishe waya umekufa, kisha uunganishe waya na ardhi pande zote mbili kabla mkono wako haujagusa kitu. Mimi nilipanda baada ya hatua ya tatu. Giza lilikuwa linaingia, na nyaya za ardhi zilikuwa bado kwa gari. Nilijiambia ni kazi ya dakika mbili tu.

Kumbe mwenye nyumba mmoja alikuwa amechoka na giza akawasha jenereta yake. Alikuwa ameichomeka kwa soketi ya ukutani bila swichi ya kubadilishia, ile mafundi huita chenjiova. Stima yake ikatoka nje ya nyumba kupitia mita ikafika kwa transfoma. Sasa elewa jambo hili: transfoma inayoshusha volti 11,000 hadi 240, ukiisukuma kinyume, hupandisha. Waya niliodhani umekufa ulikuwa umefufuka kwa maelfu ya volti. Niliushika.

Mkanda ndio ulinizuia nisianguke. Wenzangu walitafuta ile jenereta ikazimwa, wakaunganisha laini na ardhi, ndipo wakanishusha kwa kamba. Msimamizi wetu alinifinya kifua mpaka nikapumua. Hayo yote mnayajua. Ambayo hamkuyajua ni kwamba sikupima, wala sikungoja waya wa ardhi.

NENO LILILONICHOMA

Mwaka jana kijana wetu mmoja, fundi wa kuwaya nyumba, alirushwa kutoka kwa ngazi akivunjika mfupa wa bega. Alikuwa anabadilisha soketi bila kuzima meni swichi. Nilipoenda kumwombea hospitalini nilimuuliza, "Kijana wangu, mbona hukuzima?" Akanijibu kwa upole, hakuwa na madharau, "Mzee, nilikumbuka ushuhuda wako. Nikasema Mungu aliyekuokoa na elfu kumi na moja hawezi kushindwa na mia mbili na arobaini."

Wapendwa, sikuomba siku hiyo. Nilikaa kwa kiti nikanyamaza. Kijana huyu alikuwa amejengwa imani juu ya nusu ya ushuhuda wangu. Nilikuwa nimempa rehema ya Mungu bila kumpa kosa langu, naye akadhani lile kosa ndilo imani.

MAANDIKO YANASEMAJE?

Kwanza, Kumbukumbu la Torati 22:8. Watu walikuwa wanatembea na kulala juu ya paa, na Mungu akaagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo pale juu. Asipoweka na mtu akaanguka, damu iko juu ya nyumba yake. Mungu angeweza kumtuma malaika kila mtu anapoteleza, lakini aliagiza ukingo. Glavu, kufuli na waya wa ardhi ni ukingo wa fundi. Chenjiova ni ukingo wa mwenye jenereta. Yule aliyewasha jenereta hakunijua na hakunichukia, lakini nyumba yake haikuwa na ukingo. Na mimi pia sikuweka wangu.

Pili, Mathayo 4. Shetani alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamwonyesha ahadi ya malaika, akamwambia ajitupe. Ahadi ilikuwa ya kweli, na bado Yesu alikataa, kwa kuwa kujitupa ili Mungu akudake ni kumjaribu. Kupanda posti bila kupima ni kujitupa kutoka kwa hekalu.

Tatu, Matendo 28. Wengi hutaja Paulo aliyeumwa na nyoka asidhurike. Soma polepole: Paulo alikuwa anakusanya kuni za moto. Hakwenda kutafuta nyoka. Ajali ikikupata ukiwa kazini kwa uaminifu, mwite Mungu, yeye ni mwaminifu. Lakini usimshike nyoka mkia halafu utafute andiko.

MAMBO YA KUJUA

Wengine husema stima ya nyumbani ni "ya kutekenya tu." Si kweli. Balbu ya wati 10 hutumia takribani miliampia 40. Kuanzia kama miliampia 10 hivi, misuli ya mkono inaweza kukaza ushindwe kuachilia waya. Kati ya 50 na 100 zikipita kifuani, moyo unaweza kuacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo. Kiasi kinachokaribia kile cha balbu yako ya sebuleni kinatosha kukuzika, hasa ukiwa na mikono yenye maji na miguu bila viatu. Stima ya laini kubwa nayo haingoji hata uiguse: inaweza kuruka hewani ikikufuata ukikaribia.

Mwenzako akishikwa na stima nyumbani, usimguse. Zima meni swichi kwanza. Ukishindwa kuifikia, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Kama ni laini kubwa, hata mti mkavu hautakusaidia: kaa mbali angalau mita 10, zuia watu, pigia kampuni ya stima na namba ya dharura 999 au 112. Ukijikuta karibu na waya ulioanguka, usikimbie wala kupiga hatua ndefu, kwa maana ardhi yenyewe ina stima. Bana miguu pamoja, uiburute kidogo kidogo ukitoka. Ukiwa ndani ya gari lililoangukiwa na waya, baki ndani mpaka stima ikatwe, isipokuwa kuna moto.

Akishaachiliwa na hapumui, finya katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Maombi yaendelee, lakini mikono iwe kifuani. Na hata akiinuka akisema yuko sawa, mpeleke hospitalini. Stima huchoma ndani pale macho hayaoni, na moyo na figo zinaweza kusumbuka baadaye.

Tuangalie na nyumba ya Mungu. Mwaka 2005 huko Waco, Texas, Marekani, mchungaji alikufa akiwa ndani ya maji ya ubatizo aliposhika maikrofoni. Sisi tunabatiza na tuna maikrofoni. Tuna nyaya za kinanda zilizofungwa kwa selotepu chini ya zulia. Na jenereta yetu, niseme ukweli, mimi mwenyewe niliiunganisha kwa soketi bila chenjiova, hata baada ya vidole vyangu kwenda. Nimeshaitoa. Wazee wamekubali swichi iwekwe kabla jenereta haijawashwa tena, na mpaka hapo ibada za usiku tutatumia taa za betri.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni ushuhuda gani umekuwa ukiutoa nusu? Ni nani anayejenga juu yake?
2. Nyumbani au kazini kwako, ni wapi pasipo na ukingo?
3. Kuna tofauti gani kati ya kumtegemea Mungu na kumjaribu?

TUOMBE

Baba, asante kwa kutuokoa hata pale tulipokosea. Utusamehe kwa kuficha makosa yetu ndani ya sifa zako. Uwalinde mafundi walio juu ya nguzo usiku huu, na utupe moyo wa kuweka ukingo kwa ajili ya watu tusiowajua. Katika jina la Yesu. Amina.