Mzazi Anataka Kusaidia, Mwoneshe Njia: Vidokezo 8 kwa Shule

Barua ya shule ikifika nyumbani, mara nyingi huwa imebeba moja kati ya mambo mawili: mchango au kosa. Mzazi akiitwa anakwenda roho juu. Asipoitwa anaona mambo ni shwari. Yale ambayo mtoto anajifunza kila siku hayamfikii kabisa. Na tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza katika shule za umma za Tanzania Bara hadi kidato cha nne, imekuwa rahisi kudhani kwamba wajibu wa mzazi unaishia kwenye sare na madaftari. Ukweli ni kwamba wazazi wengi wanatamani sana kusaidia. Wanachokosa ni maelekezo, na maelekezo hayo yako shuleni. Walimu na wanakamati wa shule, anzeni na haya manane.

1. Semeni wiki hii mnasoma nini

"Msaidie mtoto masomo" ni agizo lisiloshikika. Mpeni mzazi jambo moja dogo la kufanya jioni hiyohiyo. Darasa la kwanza likiwa kwenye *ba, be, bi, bo, bu*, karatasi fupi iseme: "Mwambie mtoto akutajie vitu vya nyumbani vinavyoanza na sauti hizi." Bakuli, beseni, birika, boga, buli: jiko zima linageuka kitabu. Karatasi zikiwa haba, andikeni kwenye ubao langoni, au mpeni mtoto mwenyewe ujumbe aufikishe kwa mdomo.

2. Mzazi asiyejua kusoma naye mpeni kazi

Huyu ndiye anayejitenga mapema kuliko wote, kwa sababu anaamini hana la kuchangia. Mwambieni analo. Anaweza kumketisha mtoto asome kwa sauti, kisha amuulize: Nani kafanya nini? Kwa nini? Unadhani kitafuata nini? Mtoto anayesoma maneno bila kuelewa atajulikana hapo hapo. Anaweza kumtegea vitendawili na kumsimulia hadithi, na msamiati wa mtoto ukaongezeka. Sokoni anaweza kumpa hesabu: mafungu matatu ya nyanya, kila moja shilingi 500, tumetoa 2,000, chenji ngapi? Hayo yote ni masomo, na hayahitaji cheti.

3. Mfundisheni mzazi kupima usomaji

Ripoti yenye alama 62 haimwambii mzazi kama mtoto anajua kusoma. Utafiti wa Uwezo, ulioanzishwa na shirika la Twaweza, umeonesha njia rahisi: wajitolea walikwenda majumbani na kumpa mtoto herufi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Walikuwapo watoto wa madarasa ya juu waliokwama kwenye hadithi hiyo. Fanyeni zoezi hilo mbele ya wazazi kwenye mkutano, kisha kila mzazi aondoke na hadithi moja ya kujaribu nyumbani. Kama yeye hasomi, dada au kaka mkubwa atasikiliza. Lakini wasisitizieni kwamba lengo ni kujua mtoto alipo ili asaidiwe. Fimbo na matusi havina nafasi hapo.

4. Pindueni ajenda ya mkutano

Mkutano ukianza na madawati na kuisha na michango ya mitihani, mzazi atajifunza kukwepa. Wekeni masomo mwanzo na michango mwisho. Waiteni kwa madarasa badala ya shule nzima. Wazazi 40 wanaweza kukaa kwenye madawati ya watoto wao, wakafunua madaftari, wakauliza. Kila mkutano ufundishe ujuzi mmoja, kwa mfano namna ya kusoma alama za masahihisho ya mwalimu. Na msisahau kalenda ya kijiji: msimu wa kupalilia au siku ya mnada, mtakutana na viti vitupu, na haitakuwa haki kusema wazazi hawajali.

5. Pigeni simu kwa jambo jema

"Mama, habari za kazi? Leo mwanao amesoma aya nzima bila kusaidiwa, nikaona nikwambie." Simu ya namna hiyo inachukua dakika moja. Siku mwalimu akipiga kwa jambo gumu, atapokelewa kama mwenzake. Kundi la WhatsApp linasaidia, ila wazazi wengi wana kitochi tu, hivyo ujumbe mfupi wa kawaida uende sambamba. Wekeni sharti moja lisilovunjwa: matokeo ya mtoto na makosa yake hayatangazwi kwenye kundi.

6. Kitabu kifike nyumbani

Kuna vitabu vinavyokaa kabatini vikiwa vipya kwa hofu ya kuchanika, huku mtoto nyumbani hana hata ukurasa mmoja wa kusoma. Fungueni daftari la kuazima. Kitabu kitoke Ijumaa, kirudi Jumatatu, kikiwa kimejalidiwa kwa gazeti. Kubalianeni na wazazi mapema kwamba kuchakaa kwa kawaida hakutatozwa faini. Kwa wenye simu janja, waonesheni maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo. Waonesheni kwa vitendo, mkiwa mmeshika simu zao. Kuwatajia tu hakutoshi.

7. Mjueni mlezi halisi

Mtoto anaweza kuwa analelewa na bibi, shangazi au dada yake aliyemaliza darasa la saba mwaka jana. Barua inayoandikwa "Kwa baba" haitamfikia mtu. Mwanzoni mwa mwaka mwalimu wa darasa aulize: nani anakaa naye jioni? Huyo ndiye wa kualikwa na kuelekezwa. Akina baba nao waitwe kwa kazi ya masomo. Wengi wamezoea kuitwa panapohitajika kujenga choo au kulipia kitu, ilhali baba anayemsikiliza mtoto akisoma kwa dakika kumi anajenga pia.

8. Watoeni wazazi hofu ya lugha

Mtoto anayetoka katika nyumba ya Kisukuma au Kimasai anaanza shule akiwa na lugha kamili kichwani. Waambieni wazazi waendelee kuzungumza na kusimulia kwa lugha hiyo. Mtoto aliyezoea kusikiliza kisa na kukieleza ana mahali pa kupandia Kiswahili. Hofu kubwa zaidi huja kidato cha kwanza, masomo yanapoanza kufundishwa kwa Kiingereza na mzazi akahisi mlango umefungwa. Shule za sekondari zimwambie hivi: muulize mtoto akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa leo. Akiweza kueleza usanisinuru au riba hadi wewe ukaelewa, ameelewa. Akibaki anakariri maneno ya daftari, mwalimu wake anahitaji kujua.

Haya manane hayahitaji kuanza siku moja. Chagueni darasa moja, na ningependa liwe la kwanza, kwa sababu mtoto asiyeshika kusoma hapo anabeba mzigo huo katika kila somo linalofuata. Mpeni mwalimu wa darasa hilo nafasi ya kutuma kazi moja ya nyumbani kwa wiki, kwa muhula mzima, na kila Jumatatu awaulize watoto ni nani kaifanya na nani. Majibu yao yatawaonesha ni nyumba zipi zimeshashika njia na zipi zinahitaji kutembelewa. Hakuna mzazi wa kukatiwa tamaa kabla hajaoneshwa la kufanya.