Ramani iliyofichua uongo

Magharibi ya Marekani iko nchi ya juu, kubwa na kavu sana. Mvua ni haba, na watu ni wachache. Wapaiute na Washoshone waliijua nchi hiyo tangu zamani. Mwaka 1859 madini ya fedha yalionekana mahali paitwapo Comstock, na wachimbaji wengi wakaja. Lakini serikali haikuwa na ramani nzuri ya nchi hiyo.

Mwaka 1867 serikali ilimtuma Clarence King, kijana wa miaka 25, aende na wenzake kuipima.

Mpimaji hupimaje mlima wa mbali? Kwanza hupima mstari mmoja mahali tambarare. Halafu husimama kwenye kila mwisho wa mstari, akautazama mlima kwa chombo cha kupimia pembe. Mstari mmoja na pembe mbili vyatosha kujua mlima uko umbali gani. Kutoka pembetatu moja hupata ya pili, na ya tatu, mpaka nchi yote imeingia katika karatasi.

Kazi ilikuwa ngumu. Wapimaji wengi waliugua homa. Siku moja radi ilimpiga King juu ya mlima. Alipopona, aliendelea na kazi.

Mwaka 1872 watu wawili walisema wameona almasi jangwani. Mahali penyewe walipaficha. Matajiri waliwaamini, wakatoa mali nyingi. Lakini wapimaji wa King walisikia habari za mahali hapo, wakazilinganisha na milima na mito waliyoipima. Wakapatambua, wakaenda.

Kweli, almasi zilikuwapo. Lakini zilikuwa juu juu tu, na nyingine katika vichuguu vilivyotobolewa kwa kijiti. Walipochimba penye udongo usioguswa, hawakupata hata moja. Wale wadanganyifu walikuwa wamezinunua Ulaya na kuzipanda!

King alitoa habari upesi, kabla watu wengine hawajapoteza mali yao. Mwaka 1879 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya serikali ya kupima ardhi na madini.

Wadanganyifu walitumaini kwamba nchi ile haijulikani. Aliyeipima hakudanganyika.

Maswali
1. Mpimaji hujuaje umbali wa mlima asioufikia?
2. King alitambuaje kwamba almasi zilipandwa?
3. Ramani iliwasaidiaje watu?